Danadana

Saa nane usiku, Tartu, theluji dirishani.
Riina anaisoma barua pepe iliyorudi,
kutoka chini kwenda juu, wasomavyo mafundi:
chuo kimeituma nyumbani kwa Endel,
nyumbani kumeirudisha chuoni,
chuo, nyumbani, chuo,
danadana ya mara ishirini na sita
hadi mashine ikasalimu amri:
Imezunguka mno. Haikufikishwa.

Machi mzee alistaafu, akaelekeza barua zimfuate nyumbani.
Juni akalazwa; mkewe, asiyejua lile la Machi,
akazielekeza ofisini: "Wenzake watamjibia."

Riina ana ufunguo wa mlango mmoja tu.
Anafuta amri ya Machi,
anaisukuma tena ile barua ya mwanafunzi:
"Mwalimu, umepata nafuu?"

Imetua.
Sanduku linasema: moja, haijasomwa.