Kiganja cha Jagna

Białystok, Novemba. Nje theluji ya kwanza,
mezani magazeti na vikombe viwili vya rangi:
nyeupe, nyekundu. Bendera yetu haidai zaidi.

Namshika Jagna kifundo cha mkono. Anacheka,
brashi inamtekenya.
Kiganja chekundu kinatokea vizuri,
gumba tu limeteleza.
Halafu cheupe, juu yake, kwenye karatasi nyeupe:
hakuna kitu.
"Mwalimu, mkono wangu umekwenda wapi?"

Ningeweza kuleta karatasi ya buluu.
Badala yake naiinamisha hii kwenye mwanga wa dirisha,
nakiongoza kidole chake pale rangi ilipovimba.
Upo, ananong'ona. Upo!

Nyuma naandika tarehe, jina,
na umri: miaka mitatu na nusu.
Hiyo nusu kaidai mwenyewe.