Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kwanza umeliwa na mende pembeni
lakini wino bado unasomeka: Semkiwa, H., Luteni Usu.
Shingo kumi na nne. Kiuno ishirini na nane.
Mguu mrefu kama mlingoti wa mkonge.
Alikuja Barabara ya Kumi na Mbili kwa baiskeli ya kukodi,
suruali ya jeshi inampwaya, kaishikilia kwa mkono.
Nikaibana inchi mbili. Hakuuliza bei,
aliuliza kama uzi utastahimili,
"maana kule juu, fundi, mwili unakuwa mzito mara nne."
Nikacheka. Nilidhani ni maneno ya ujana.

Mwezi haukwisha akapita na ndege juu ya Ngamiani,
chini, chini mno, mabati ya Chumbageni yakalia,
kuku wa Mama Mwanaheri wakagoma kutaga wiki nzima.
Nikasimama mlangoni na mkasi mkononi,
nikawaambia wapita njia:
suruali ile nimeibana mimi.

Luteni. Kapteni. Kiuno kilekile.
Ukurasa wa vita sina, hakuja.
Pana kipande cha utepe mweusi tu, nimekichoma kwa pini,
masalio ya ule alioutaka kwenye mkono wa kushoto
kwa ajili ya Kapteni Mbelwa,
aliyekuwa akiruka naye ubavu kwa ubavu.
Hakusema ilikuwaje.
Sikupima, wala sikudai.

Meja: bibi na bwana begani, shingo kumi na tano.
Luteni Kanali: kiuno thelathini na tatu.
Hapo ndipo nilipoanza kuielewa hesabu yake.
Kila nilipoongeza kitu begani
nilifumua mshono kiunoni.
Nikamuuliza, kasimama mikono wazi katikati ya kibanda,
"Afande, siku hizi unaruka mara ngapi?"
Akahesabu kwa vidole, akaishia cha tatu.
"Kwa wiki?"
"Kwa mwaka."

Kanali. Macho yakamtangulia kustaafu.
Daktari akaandika, wakubwa wakasaini,
wakampa meza pana, simu mbili,
na dereva wa kumfungulia mlango
yeye aliyekuwa akijifungia kioo juu ya kichwa mwenyewe.

Siku ya u-Brigedia Jenerali nilialikwa.
Nilikaa nyuma ya wake wa maofisa
nikaitazama kazi yangu ikipita mbele ya gwaride,
kiuno thelathini na nane, haina kunjo hata moja.
Kisha vijana wakaruka juu yetu, watatu watatu.
Kila mtu aliinua uso.
Yeye alifumba macho, kichwa kakiinamisha upande,
kama baba aliyeweka sikio kifuani kwa mtoto mwenye homa.
"Ile ya mwisho," aliniambia baadaye, kwenye soda,
"injini yake inakohoa. Nimewaambia."

Cheo kinapanda, mtu anashuka.
Hilo sikuliandika. Daftari ni la inchi.

Juzi kaja kwa miguu toka stendi, jasho kwenye kola,
kitambaa cha khaki kakikunja kwapani.
Nikakisia Kaunda suti, wastaafu wengi huishia hapo.
"Ovaroli," akasema. "Zipu toka shingoni hadi chini.
Na mfuko pajani, kulia, kama zamani."
"Wa ramani?"
"Wa miwani. Kuna pampu ya maji imekufa kule Pongwe,
na trekta la shemeji linanidharau."

Nikazungusha tepu. Akainua mikono kabla sijamwambia.
Kiuno thelathini na sita: zimepungua mbili.
Bega la kushoto limelala kidogo kuliko la kulia,
nitaliinua kwa pamba, hatajua.
Nilipofika penye mstari wa cheo nikasita.
Akanyoosha shingo, akasogeza daftari kwenye mwanga,
akasoma majina yake yote, ukurasa kwa ukurasa,
akirudi nyuma hadi pale palipoliwa na mende.
"Acha wazi," akasema.

Nimeacha wazi.
Mguu mrefu ni uleule.