Daftari la Zamu

Lango la tatu lina kufuli moja,
na ufunguo wake nauvaa shingoni mimi, Kabugho,
binti wa tatu, niliyenyimwa urithi wa shamba
nikaachiwa ulinzi wa maji.

Sikuchaguliwa kwa hekima.
Tulikuwa kumi na wanne ghalani, Kasese bondeni,
mvua imegoma, kila mtu na jembe lake na mdomo wake.
Nikaonekana nina saa isiyosimama
na mwandiko unaosomeka.
Basi. Serikali ikaanza hivyo.

Jumatatu: Masereka, saa kumi na mbili hadi saa nne.
Jumatatu: mama Ithungu, saa nne hadi saa nane,
maana mchanga wake hunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi.
Jumanne: Biira, mjane, mwisho kabisa wa mfereji,
ambako maji hufika yamechoka.

Mto Sebwe hauna habari na kalamu yangu.
Unatoka juu, Rwenzori, kwenye baridi na mawe,
unashuka ukitukana,
ukiingia mferejini hunyamaza,
huwa maji ya mtu.

Mwalimu Mbusa alitufundisha, chaki ikimvunjikia:
yanayotuponyoka hapa huingia Ziwa Joji,
hupenya Kazinga, huzunguka na Semliki,
hukutana na Nile, hufika Misri.
Huko, zama za kale, walichonga mistari ukutani
kupima kina cha mto,
na kila mstari ukawa kodi.
Na mbali zaidi, baina ya mito miwili,
mtu alidunga tope bichi kwa unyasi:
fulani, shayiri kiasi hiki,
fulani, siku mbili za kuzibua mfereji.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisinzia.

Sasa nakesha.

Usiku wa Alhamisi lango limeng'olewa kwa mtaimbo.
Asubuhi, topeni, nyayo za gambuti,
la kushoto limepasuka kisigino.
Gambuti hilo nililinunua mimi, soko la Hima,
nikampa Bwambale, kaka yangu, siku ya ubatizo wa mwanawe.
Shamba lake linametameta.
La Biira limekunja majani
kama mtu anayeficha mikono kwapani.

Faini: elfu hamsini.
Lakini nani ataidai?
Tukamteua Thembo, tukampa fimbo.
Mwenye fimbo halimi, na asiyelima anakula,
basi kila shamba likatoa debe la mahindi.
Madebe yakataka chumba,
chumba kikataka mlango,
mlango kufuli, kufuli mlinzi,
mlinzi naye akauliza mshahara.
Juzi mwenyekiti ameomba kiti chenye mikono.
Tulitaka maji tu, jamani.
Maji tu.

Na bado, mwaka ule kabla ya daftari,
watu wawili walikatana mapanga kwa ajili ya saa moja ya mfereji,
mmoja tukamzika na shamba lake likiwa kavu.
Hilo nalo nililiandika,
ukurasa wa kwanza, ili nisilisahau
ninapokichukia hicho kiti.

Bwambale alikuja jioni, noti zimekunjamana,
hakunitazama.
Alisema, "Jina langu liandike vizuri."
Nikaliandika vizuri.
Nikamfungulia Biira, zamu nzima na nusu ya fidia,
tukasimama wawili tukisikiliza ardhi inavyomeza.

Yote yamo daftarini, njoo usome.
Yote, ila moja:
mpira wa lango la tatu umelika pembeni,
hupitisha uzi wa maji, mwembamba, usiku na mchana,
na uzi huo hushukia dodo za mama yangu,
ambaye hana zamu, hana shamba kwenye orodha,
ana vitanda vinne tu vya mboga
kijani kuliko bonde zima.

Mpira mpya ni elfu nane.
Ninao mfukoni tangu Machi.