Nyekundu ya Pili

Kazi yangu ni bima. Ghorofa ya tatu, Ruwi,
juu ya duka la miwani.
Napima hatari za watu:
Landkruza iliyosombwa na mafuriko ya wadi ya Al-Khoudh,
dereva aliyeiona nguzo ya vipimo,
nyeupe, nyekundu, nyeupe, nyekundu,
akaona maji yamefika nyekundu ya pili,
akasema, nitapita.
Wote husema nitapita.
Mie huandika: alijua. Dai limekataliwa.

Usiku huu hatari ni yangu,
imekunjwa mara nane ndani ya boksi dogo,
karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu,
Kiarabu upande huu, Kiingereza upande ule.
Kiswahili hakuna,
basi najitafsiria mwenyewe, kwa sauti ndogo,
maana hofu hainikai sawasawa kwa lugha nyingine:
kichefuchefu. Matiti kuuma. Kipandauso.
Moyo kuwa mzito bila msiba.
Halafu, kwa herufi zilezile, wala hazikukozwa wino:
damu kuganda mshipani.
Wachache, inasema, katika wanawake elfu kumi.

Wachache. Neno hilo nalijua,
ndilo linalonilipa mshahara.
Kila mmoja wa hao wachache
ameshawahi kukaa mbele ya meza yangu, nguo zina tope.

Na usinambie ni uso tu.
Miaka kumi na moja nalala chali
mto usije ukanigusa shavu.
Harusini kwa Asila mpiga picha alinisogeza nyuma,
kwa adabu kabisa, kama mtu anayesogeza kiti.
Bibi kanipaka liwa, kanipaka manjano,
kaniosha kwa maji ya waridi ya Jabal Akhdar,
akasema damu chafu hiyo, ukiolewa zitakwisha.
Nimemeza dawa za usaha mpaka tumbo limesusa.
Chunusi ya kidevuni ina mapigo yake,
ukiwa macho saa nane unaweza kuyahesabu.

Daktari Ambika alisema: hizi za homoni.
Jaribu miezi mitatu, minne, utaona.
Akanisogezea fomu.
Unavuta sigara? Hapana.
Presha? Hapana.
Katika ukoo, yupo aliyewahi kuganda damu?
Kalamu ilisimama.
Nyuma ya daktari palikuwa na picha ya shavu la msichana, laini,
limetandaza nuru kama shuka mpya.
Nikaandika: hapana.

Mfamasia wa Kimisri alisoma cheti,
akasoma kidole changu cha pete,
akalitia boksi kwenye mfuko mweusi
akaufunga fundo mara mbili.
Mama akiviona vidonge hivi atajua ni vya nini,
na hatojua ni vya nini.

Saa nne nampigia Mama Mdogo Zuwena, yuko Ibra.
"Ule mguu wako, ulipovimba, ulikuwa na miaka mingapi?"
Kimya. Nasikia feni yake, na mbuzi.
"Ishirini na tisa. Nilikuwa nameza vidonge vya kupanga uzazi. Kwani?"
"Mambo ya kazi."
"Mambo ya kazi," anarudia, "saa nne ya usiku."
Kisha: "Nilidhani msuli. Nikaukanda kwa mafuta ya karafuu siku sita.
Ya saba, pumzi ikanikatalia."
Hakuongeza. Nami sikumwomba.

Boksi limeandikwa siku.
Kidonge cha kwanza ni cha Jumapili,
na Jumapili ni kesho.
Zahanati ya Ghubra hufungua saa mbili.
Nitamwambia daktari, nipe ile fomu,
kuna neno moja nilikosea,
na uso utaniwaka mbele yake, na kila chunusi itasikia.
Labda ipo dawa nyingine.
Labda ipo, nayo ina karatasi yake iliyokunjwa.
Labda ni miaka mingine juu ya hii kumi na moja.
Naona haya kulilia kidevu
wakati mguu wa mtu ulikuwa umebeba mauti.
Nakililia vilevile.

Nazima taa. Nalala chali.