Miligramu Moja

Uula Saijets alikwenda kutoa nyavu
Ijumaa, saa nane mchana, giza limeshakaa kitako,
maana Desemba huku Inari jua halichomozi,
linakohoa tu nyuma ya misonobari kisha linajilaza.
Barafu ilikuwa nene chini ya miguu yake
na nyembamba hatua moja mbele.

Nduguye alimvuta kwa kamba ya pikipiki ya theluji.
Tulipofika ndevu zake zilikuwa kioo,
glavu moja mkononi, ya pili imebaki na ziwa.
Mshipa wa shingo niliugusa dakika nzima.
Kimya.
Kipimajoto kikasema ishirini na moja, nukta nne.

Mkono wangu una kumbukumbu zake.
Miaka kumi na saba umefundishwa: moyo ukisimama,
adrenalini, miligramu moja,
hesabu dakika nne, kisha nyingine, kisha nyingine.
Tayari nilikuwa nimeng'oa kifuniko,
nimetoa hewa, tone linaning'inia kwenye ncha,
Daktari Hellevi akasema bila kuinua kichwa:
"Yuko chini ya thelathini. Iweke."

Iweke wapi?

Niliitia mfukoni, upande wa kushoto,
na mashine ikamfunga kifua ikaanza kumtwanga,
du, du, du, ndani ya mngurumo wa helikopta.

Sababu naijua. Niliijibu kwenye mtihani, nikapata alama zote.
Ini limelala. Damu inatambaa kama uji wa jana.
Dawa ukiitia haifanyi kazi wala haiishi,
inakaa mlangoni na viatu vyake,
ya pili inakuja inakaa, ya tatu inakaa,
na joto likija kufungua mlango
zote zinaingia kwa mkupuo, zinasukumana,
zinavunja vyombo vya mwenye nyumba.
Najua. Lakini anayejua ni kichwa,
na aliyeshika sindano si kichwa.

Kila dakika ya nne kidole gumba kilijikunja chenyewe.
Taa za Rovaniemi zilipita chini yetu, chache, zina usingizi.
Kufika Oulu nilikuwa nimehesabu
dozi ishirini na sita ambazo sikumpa.

Wakamfungua kinena, wakaingiza mabomba mawili,
moja la kutoa damu nyeusi,
moja la kuirudisha imepashwa.
Kijana wa zamu akanong'ona, "Huyu si amekufa?"
Hellevi akamjibu, "Baridi si cheti cha kifo.
Apate joto kwanza, ndipo tumwulize."
Potasiamu ilirudi sita nukta moja,
hapo ndipo nilipomwona naye akivuta pumzi.

Ishirini na nne. Ishirini na saba.
Digrii zilipanda kama maskini anavyolipa deni,
senti kwa senti, akiangalia nyuma.
Moyo ukaanza kuchezacheza,
samaki aliyesahauliwa wavuni.
Thelathini na moja: umeme, mara moja.
Samaki akatulia.

Akatulia mno.

Kisha akapiga mkia. Akapiga tena.

Ristin, mkewe, alikuwa kwenye korido,
soksi za sufi za mumewe amezishika kama kitoto.
"Mlimpa dawa gani?"
"Hakuna," nikasema,
nikaona uso wake unaporomoka,
kana kwamba nimemwambia hatukujali.
Nikatafuta neno. Kuna kutoa na kuna kunyima;
lile linalokaa katikati yake
sikulipata, wala leo sijalipata.
Nikamwambia, "Tulimsukuma kifua. Tukangoja."
Akaniangalia viganja, muda mrefu.

Kwenye fomu, mstari wa dawa, nilichora kistari.

Alfajiri, nikivua koti, kitu kikanigonga ubavuni.
Sindano. Ina joto la mwili wangu.
Niliishika kidogo chini ya taa,
kisha nikaitupa kwenye ndoo ya manjano,
imejaa vilevile.