Vikombe Sita kwa Kakai

Mara ya kwanza niliviamini.
Nilivipanga ndani ya boksi la sabuni, bega kwa bega,
kama watoto kwenye benchi la zahanati,
nikafunika taulo, nikabandika utepe,
nikaenda posta ya Mbale nikipiga mluzi.

Wiki tatu baadaye, ujumbe wa Kakai kutoka Arua:
"Umenitumia vikombe sita, nimepokea vipande arobaini na vitatu.
Nimehesabu. Sikio moja limepona.
Nimelitundika msumarini."

Sikucheka.
Udongo ule niliuchota kingoni mwa Manafwa, tope magotini,
nikaukanda siku mbili, nikauchoma usiku kucha,
na moshi ulikuwa bado kwenye shuka zangu.
Tena mimi na Kakai hatukuwa na vya kupoteza:
tangu matanga ya mama, tangu lile birika,
tulikuwa tukizungumza kwa risiti.

Basi nikajifunza kuanguka.
Nilichukua kikombe chenye ufa, nikakifunga, nikakiachia
kutoka mezani. Kutoka dirishani.
Kutoka juu ya ngazi ya Wamimbi, fundi wa mabati,
ambaye aliokota boksi, akalitikisa sikioni
kama mtu anayechunguza yai viza.
"Kinachokiua si kuanguka, Mutonyi. Ni nafasi.
Humu ndani kuna njia ya kutembea. Izibe."

Sasa naanza na sikio.
Nalijaza karatasi iliyofinywa, tundu lote,
mpaka kidole changu kikose pa kupita.
Tumboni naingiza soksi, zile za shule zilizopotelewa na wenzao.
Kisha gazeti, kurasa mbili.
Kisha ganda la mgomba lililokauka, lakini si sana,
maana likikauka sana linakatika kama chapati ya juzi;
nalizungusha mara tatu, nalifunga kwa uzi wake lenyewe,
na kila kikombe kinakuwa kichanga cha mgongoni.

Wanasema vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana.
Waliosema hawakupita kwenye kile kiwanda cha kukoboa kahawa
ambako pumba ni bure, uje tu na gunia lako.
Namwaga pumba, kina cha vidole vinne.
Nalaza vikombe kifudifudi, visitazamane.
Namwaga tena, natikisa, namwaga,
nakandamiza kwa kiganja
mpaka boksi liache kunong'ona.
Halafu boksi ndani ya boksi.

Posta, karani Okurut akauliza, "Kuna nini humu?"
"Vikombe."
Akachukua muhuri mwekundu, KINAVUNJIKA,
akaupiga juu ya boksi, pa! pa! pa!
kwa nguvu za mtu anayetwanga karanga.
Nilifumba macho.

Soroti. Lira. Karuma, ambako nyani huketi kando ya lami
wakikagua mizigo ya watu.
Pakwach, darajani. Nebbi na matuta yake.
Siku nane nililala nikiwa ndani ya lile boksi,
nikijigonga kila kona ya kitanda.

Jumanne, simu ikalia:
"Vimefika. Vyote. Pumba nimemwaga shambani kwenye sukuma.
Soksi mbili zimeoana, nimezivaa.
Ila kikombe cha nne kilifungwa kwa habari
ya fahali aliyeingia benki, akapanda ngazi
hadi mlangoni kwa meneja,
na hapo imekatika. *Endelea ukurasa wa saba.*
Nimekunjua magazeti yote sakafuni, nimeyapiga pasi.
Ukurasa wa saba uko wapi, dada?"

Dada. Nimelisoma neno hilo mara mbili.

Ukurasa wa saba niliwashia tanuri.
Sijamwambia.
Leo asubuhi nimeshuka tena mtoni na beseni.
Kikombe cha saba kitakuwa kinene kidogo, sikio pana,
na karatasi ya kukifungia nitaiandika mwenyewe,
kwa mkono, pande zote mbili:
fahali alibisha hodi.
Meneja akasema, karibu.