Robota la Mabingwa

Adhana haijaisha Kongowea, nakata kamba ya robota
nikiomba Mungu ziwe suruali.
Zatoka fulana. Mpya. Hazijaonja jasho.
Zote bluu, bluu ile ya sabuni ya kipande,
na kifuani neno la Kizungu kwa dhahabu: mabingwa.

Shamte apita, katoka lindo kule hotelini Nyali, macho mekundu.
Atazama, acheka hadi kajishika kiuno.
"Hawa walifungwa, shangazi! Fainali yao niliiona mwaka juzi,
na wageni wanne na pakiti ya njugu, mpaka kukakucha."

Anieleza. Mpira wenyewe si mviringo,
una ncha mbili kama papai.
Wanaume wamejaza mito mabegani,
wanagongana kama mabeberu, wanasimama, wanashauriana,
wanagongana tena.
Wanachogombania ni yadi,
kama sisi Biashara Street kuamkia Idi.

Zilibaki sekunde tatu.
Akaitwa mmoja mwembamba, kazi yake ni mguu tu.
Akapiga. Ukaenda, ukaenda,
ukagonga mlingoti wa kulia
ukaanguka kama koroma.

"Na fulana?"
"Zilishachapwa kitambo, za timu zote mbili.
Walioshinda walivaa palepale, na jasho lao.
Hizi zikafungwa kamba, zikaambiwa nendeni mbali."

Bibi alikuwa akisema: usikate mbeleko, mwana hajazaliwa.
Mimi nilikata.
Leso ya kisutu, nikaipinda pindo kwa mkono wangu.
Iko chini ya sanduku.
Kila kitu nauza mimi. Ile sijaitia bei.

Yule mwembamba, sijui alilalaje.
Nani atamfikishia habari
kwamba Nyawa wa mkokoteni kachukua mbili,
moja ya kuvaa, moja ya kubadili;
kwamba muuza mahamri kamvisha mwanawe, yamfika magotini,
naye akimbia nayo kati ya mitungi, hashikiki;
kwamba kutoka hapa hadi Maweni
timu yake yashinda tangu asubuhi
wala hajatokea wa kubisha?

Kufika saa nne zimebaki tisa.
Mnunuzi avuta ukosi, asoma, hasomi.
"Hii yasema nini, mama?"

Nafungua mdomo. Naufunga.

"Yasema mia na hamsini.
Lete mia na ishirini, nenda nayo."